Risiti za Kwenye Mkebe wa Kimbo

Julai 2025 binamu yangu alirudishwa nyumbani kutoka shule ya kutwa. Yuko kidato cha tatu. Alikuja na karatasi iliyopigwa muhuri, yenye orodha ya vitu vya kulipiwa: chakula cha mchana, mtihani, na kitu kingine kilichoitwa "maendeleo". Nyanya alikuwa amekaa nje anachambua mboga. Aliomba asomewe ile karatasi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani bila kusema neno. Alirudi na mkebe wa Kimbo, ile mikubwa ya zamani ya bati. Ndani kulikuwa na vitambulisho vya watu waliokufa, hati ya shamba, na risiti.

"Babu yako alilipia shule mara tatu," aliniambia. "Sasa wanataka ya nne?"

Risiti zenyewe ni tatu kweli. Ya kwanza ni ya kodi, ya 1967, ya baraza la kaunti. Ya pili ni ya harambee ya chuo, 1973. Ya tatu ni ya "jengo", 1975, na wino wake umefifia hadi huwezi kuona kiasi ila ukiielekeza kwenye jua. Nimekaa nazo miezi kadhaa sasa. Watu wengi wanapozungumza kuhusu pesa za shule Kenya wanaanzia 2003, kama vile kabla ya Kibaki hakukuwa na kitu. Mkebe wa nyanya unaanza mapema zaidi, na ukitaka kuuelewa inabidi urudi nyuma ya hata risiti ya kwanza.

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilianza kuunda mabaraza ya wenyeji katika wilaya za Waafrika, yale yaliyojulikana kwa herufi LNC. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, Mzungu. Wajumbe walikuwa machifu na wazee, wengine wa kuchaguliwa na wengine wa kuteuliwa. Kazi kubwa waliyopewa ni kutoza watu shilingi chache juu ya kodi ya kibanda ambayo tayari walikuwa wanailipa kwa taabu, na kuitumia pesa hiyo kwa mambo ya hapo hapo: barabara, maji, zahanati. Wakoloni hawakutarajia wazee wale wangeng'ang'ania shule kiasi kile. Katika Kavirondo Kaskazini, ambayo leo ni Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia, baraza lilitaka shule ambayo si ya misheni. Kule Nyeri, Kiambu na Fort Hall walitaka hivyo hivyo. Misheni ndizo zilizoshika elimu wakati huo, na ruzuku ya serikali ilipitia kwao. Ukitaka mtoto asome, ilibidi awe wa kanisa fulani.

Kwa hiyo watu walichanga. Shule ya serikali ya Waafrika ya Kakamega ilifunguliwa 1932, Kagumo 1933, Kisii 1934. Ukienda Kakamega leo utaambiwa shule ile ilianzishwa na serikali. Ni kweli kwa maana ya kwamba serikali ilisimamia. Ila pesa nyingi ya kuzianzisha shule hizi ilitoka kwa LNC, yaani ilitoka kwa mtu aliyeuza mbuzi ili alipe kodi. Na bado baraza halikuwa na neno la mwisho. Bajeti yake ilihitaji kuidhinishwa juu, na mtaala, walimu na idadi ya madarasa viliamuliwa na idara ya elimu. Mwaka 1934 zikaundwa bodi za elimu za wilaya, DEB, ambamo serikali, misheni na mabaraza waliketi meza moja kugawana ruzuku. Hadi leo kuna shule za msingi Kenya zenye herufi DEB kwenye jina lao, na wanafunzi wake wanafikiri ni jina tu kama majina mengine.

Waliochoka na meza hiyo walitoka. Shule huru za Wagikuyu, zilizokua kwa kasi baada ya ugomvi wa 1929 na misheni kuhusu tohara ya wasichana, hazikusubiri ruzuku ya mtu. Mbiyu Koinange aliporudi kutoka Marekani na Uingereza, chuo cha walimu cha Githunguri kilifunguliwa 1939, kikajengwa kwa michango ya marika: kila rika likishindana na lingine nani atatoa zaidi. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, Githunguri kilifungwa na shule nyingi za huru zikafungwa au kuwekwa chini ya bodi za wilaya. Mchango wa mzazi haukurudishwa. Sijawahi kusikia mtu akidai urudishwe.

Sasa tufike kwenye risiti ya kwanza. Ni ya GPT, kodi ya mtu binafsi iliyopanda kulingana na kipato, na kila mwanamume mzima aliijua kwa sababu askari wa baraza walikuwa wakimsimamisha njiani na kumuuliza risiti. Nyanya anakumbuka wanaume wakilala kwenye mashamba ya mahindi. Babu hakuwahi kulala kwenye mahindi. Alikuwa mtu wa kulipa na kutunza karatasi, tabia ambayo sikuirithi.

GPT ilikuwa ndiyo damu ya mabaraza ya kaunti. Na mabaraza ya kaunti, baada ya uhuru, ndiyo yaliyoendesha shule za msingi. Hapa ndipo wengi wetu hatujui. Tunadhani ugatuzi ulianza 2013. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa ya majimbo, na hata majimbo yalipovunjwa 1964, shule za msingi zilibaki kwa mabaraza. Baraza ndilo lililokusanya karo, likawalipa walimu, likajenga madarasa, likaamua nani asamehewe karo kwa sababu ya umaskini. KANU ilikuwa imeingia uchaguzi wa 1963 ikiahidi elimu ya bure ya miaka saba. Serikali kuu iliahidi, halafu aliyetumwa kulipa ni diwani wa Lurambi.

Fikiria uko kwenye viatu vya huyo diwani. Umechaguliwa na watu. Watoto wameongezeka shuleni kwa sababu ni uhuru na kila mtu anataka mwanawe awe karani. Karo haikusanyiki, kwa kuwa anayedaiwa ni jirani yako na atakupigia kura, au atakunyima. GPT nayo inakwepwa. Ruzuku ya Nairobi inachelewa au haitoshi. Mwisho wa mwezi walimu wako nje ya ofisi. Mabaraza kadhaa yalishindwa kabisa kulipa mishahara katikati ya miaka ya sitini. Chama cha walimu, KNUT, kilichoundwa 1957, kilipigania jambo moja juu ya yote: mwajiri mmoja. Mwalimu wa Machakos na wa Siaya walipwe na mtu mmoja, siku moja, kwa kiwango kimoja. Walipata. Tume ya kuwaajiri walimu, TSC, ilianza kazi Julai 1967, mwezi mmoja tu na siku kadhaa baada ya tarehe iliyo kwenye risiti ya babu.

Siwezi kuwalaumu walimu. Mtu anayesubiri mshahara miezi miwili hana muda wa nadharia ya ugatuzi. Lakini hatua iliyofuata haikuwa ya walimu. Mwaka 1969 bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu, na kuanzia Januari 1970 mabaraza ya kaunti yalinyang'anywa elimu ya msingi, afya na barabara kwa mpigo mmoja. Na GPT nayo ikachukuliwa na serikali kuu, kisha miaka michache baadaye ikafutwa kabisa. Miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa ilibakiwa na shule zake. Mashambani baraza liliachiwa soko, machinjio na leseni za baiskeli.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiutawala, kwamba mabaraza yameshindwa. Na yalikuwa yameshindwa, tusidanganyane. Lakini angalia mwaka. 1969 ni mwaka wa kuuawa kwa Tom Mboya, mwaka wa kupigwa marufuku KPU, mwaka wa watu kufa Kisumu mbele ya Kenyatta. Serikali iliyokuwa inavuta kila kamba kuelekea Nairobi haikuwa na haja ya baraza lenye walimu mamia na kodi yake yenyewe. Baraza lililoshindwa kukusanya pesa lingeweza kusaidiwa kukusanya. Tume ya Hardacre ilikuwa imeshaundwa 1966 kuchunguza serikali za mitaa na namna ya kuziimarisha. Iliyochaguliwa ni njia fupi.

Kwa hiyo babu alilipa GPT ya 1967 kwa baraza ambalo, miaka mitatu baadaye, halikuwa na shule.

Risiti ya pili ni ya WECO, chuo cha magharibi cha sanaa na sayansi tumizi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini ilizuka homa ya vyuo vya ufundi vya harambee. Kila eneo lilitaka chake: Kiambu walikuwa na KIST, Nyeri na Kimathi, Kisumu na RIAT, Murang'a na chao, sisi na WECO pale Kakamega. Homa ilikuwa na mantiki. Shule za sekondari za harambee zilikuwa zimejaa vijana waliomaliza bila kazi, na serikali kuu, iliyokuwa imeshika shule zote mkononi, haikuwa na pesa ya kuwatafutia mahali. Ikarudi kwa mwananchi yule yule. Wanasiasa waliongoza harambee, waajiri walikata mishahara, machifu walipita vijijini. Nyanya anasema chifu wao alikuwa akichukua kuku kama huna hela, na risiti ya kuku hupewi. Ya babu ni ya pesa, ndiyo maana ipo.

Tofauti na vyuo vingi vya aina hiyo, WECO kilisimama. Mwaka 2002 kikageuzwa chuo kishiriki, na baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ni habari njema, na watu wa kwetu wanajivunia. Ila kilichochangiwa kilikuwa chuo cha ufundi: cha kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne na hana pa kwenda. Kijana huyo leo haingii mlango ule bila alama za chuo kikuu. Mimi niliingia chuo kikuu kingine na nikatoka mwaka wa pili kwa sababu ambazo msomaji anaweza kukisia, kwa hiyo labda nina donge.

Wakati huo huo kulikuwa na wazo dogo zaidi ambalo kwangu lilikuwa bora. Mwaka 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi. Kutoka hapo zikazaliwa politekniki za vijiji: banda, mwalimu mmoja wa useremala, mwingine wa ushonaji, kamati ya wazee. Serikali ilianza kuziunga mkono mwanzoni mwa sabini. Zilikuwa rahisi, zilikuwa karibu, na hazikuwa na hadhi yoyote. Mwanasiasa hakati utepe kwenye banda.

Risiti ya tatu inachekesha ukiwa na moyo mgumu. Siku ya Jamhuri, 12 Desemba 1973, Kenyatta alitangaza kwamba elimu ya darasa la kwanza hadi la nne itakuwa bure, na la tano hadi la saba karo itakuwa shilingi 60 kwa mwaka nchi nzima. Shule zilifunguliwa Januari. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto karibu 380,000 mwaka 1973. Mwaka 1974 likawa na karibu 960,000. Hakuna aliyekuwa amepanga. Madarasa hayakuwepo, madawati hayakuwepo, walimu wengi waliochukuliwa hawakuwa na mafunzo. Na karo ilikuwa imefutwa, kwa hiyo shule hazikuwa na njia ya kupata hela ya kujenga.

Zikapata. Ndilo "jengo". Kamati za shule zikatoza ada ya ujenzi, na mahali pengi ikawa kubwa kuliko karo iliyofutwa. Babu alikuwa na watoto watatu madarasa ya chini mwaka 1975, wote wakisoma bure, na risiti ya jengo aliyoitunza ni ya mtoto mmoja tu. Wa tatu, shangazi yangu, alitolewa shuleni mwaka uliofuata. Hii sikuisoma kwenye kitabu chochote. Nyanya aliniambia akiwa ameishika ile karatasi, halafu akaniambia nisiiandike, halafu jioni akaniambia niandike lakini nisitaje jina.

Moi alipoingia alipiga marufuku ada hizo, akaleta maziwa ya shule 1979, na kizazi cha wazazi wangu bado kinaongea juu ya pakiti zile za pembe tatu kama watu wanaoongea juu ya mpenzi wa zamani. Halafu mfumo wa 8-4-4 ukaja 1985 ukihitaji karakana na vyumba vya sayansi kimu, na nani alijenga? Tusirudie. Ripoti ya Kamunge ya 1988 ikatupa neno rasmi, kugawana gharama, na kwa miaka kumi na mitano iliyofuata mzazi aligawana mpaka akabaki na gharama peke yake.

Ndipo 2003. Najua nilisema watu wasianzie hapa, lakini mwaka ule ulikuwa mkubwa na mimi ni mmoja wa watoto waliovuka lango lile muda si mrefu baadaye. Wanafunzi wa msingi walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi 7.2. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Na kulikuwa na kitu kipya katika historia yote hii: kiasi kilichojulikana. Shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, zikigawanywa katika akaunti mbili za benki, moja ya vitabu na vifaa iliyoitwa SIMBA, nyingine ya matumizi ya jumla. Shule zilitakiwa kubandika ukutani kilichoingia na kilichotumika. Nakumbuka karatasi ile nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na wazee wakiisoma kwa kidole. Babu angeipenda.

Haikudumu ilivyotakiwa. Mwishoni mwa 2009 Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa mpango huo baada ya pesa kupotea wizarani, na Marekani ikafuata Januari 2010. Watu wa ukutani walikuwa wanaandika vizuri. Tatizo lilikuwa juu, ambako hakuna aliyebandika chochote.

Halafu katiba ya 2010, na kaunti zikarudi. Hebu soma Jedwali la Nne polepole. Kaunti zimepewa elimu ya chekechea, politekniki za vijiji, vituo vya maarifa ya nyumbani na malezi ya watoto. Basi. Msingi, sekondari na vyuo vikuu vimebaki Nairobi. Kile kilichochukuliwa Januari 1970 hakikurudi; kilichorudi ni kile ambacho mabaraza hayakuwahi kugombania, mtoto wa miaka minne na lile banda la useremala.

Matokeo yake yanaonekana ukisimama kwenye kiwanja kimoja cha shule kwetu. Darasa la chekechea ni la gavana. Mita ishirini mbele, mtoto wa msingi anahesabiwa shilingi 1,420 kwa mwaka na serikali kuu. Jengo linalofuata ni sekondari msingi, iliyoletwa 2023, na mtoto wake anahesabiwa shilingi 15,042. Choo ni kimoja. Kikijaa, niambie wewe ni cha nani. Mbunge anaweza kuchimba kingine kwa CDF, ile hazina ya maeneo bunge iliyoanzishwa 2003, na akishachimba ataandika jina la hazina ukutani kwa rangi kubwa kuliko jina la shule.

Politekniki za vijiji siku hizi zinaitwa vituo vya mafunzo ya ufundi. Kwa miaka michache kulikuwa na ruzuku maalum ya serikali kuu kwa ajili yake, ikipitia kaunti, kisha ikaondolewa na kila kaunti ikaachiwa ijipange. Zingine zimejipanga. Ya kwetu ina cherehani sita, nne zinashona.

Gavana naye anapenda basari kuliko cherehani, na namwelewa. Basari ina jina la mpokeaji, na mpokeaji ana mama anayepiga kura. Lakini mwanafunzi wa sekondari si wake kisheria. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti ziache kutoa basari mpaka ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu. Magavana wakaenda mahakamani, agizo likasitishwa, na watoto waliokuwa wanasubiri wakaendelea kusubiri huku mawakili wakijadili Jedwali la Nne. Kisheria Nyakang'o alikuwa na hoja. Ndicho kinachoniudhi, kwamba kila mtu katika kisa hiki ana hoja.

Na ile Julai ya binamu yangu? Sekondari ya kutwa imetangazwa kuwa bure tangu 2008. Kiwango rasmi tangu 2018 ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi, kikitumwa kwa awamu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Wiki za mwisho za muhula huo wa pili, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wazi kwamba serikali haiwezi kulipa kiwango hicho, na kwamba kinachowezekana ni kama 16,900. Kelele zikawa nyingi. Wakubwa wakajitokeza kusema elimu bure iko palepale. Nadhani Mbadi alikuwa amefanya jambo lisilo la kawaida kwa waziri wa Kenya: alisoma hesabu kwa sauti. Tofauti kati ya namba zile mbili ni zaidi ya shilingi 5,000 kwa mtoto, na karatasi ya binamu yangu, ukijumlisha chakula, mtihani na "maendeleo", haikuwa mbali na hapo.

Nilipiga hesabu hiyo kwa simu mbele ya nyanya. Aliuliza kama nina uhakika. Nikarudia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hivyo maendeleo ni jengo?"

"Ni jengo, kukhu."

Tulilipa Jumatatu. Nilituma mimi kwa M-Pesa, nusu, na mjomba akamalizia. Binamu alirudi shuleni na ujumbe wa simu, kwa kuwa shule hiyo haitoi tena risiti za karatasi. Nyanya alinitaka niuandike ule ujumbe kwenye karatasi, namba ya muamala na tarehe, kwa mkono. Nikauandika. Akaikunja mara mbili na kuiweka kwenye mkebe, juu ya ile ya 1975.